Atakayenyoosha Mguu Kwanza

Habari ya kifo cha mama mdogo Biira ilinikuta nikiwa sina kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilikuwa mezani kwangu Kasese, nimeegemea kiwiko kama nilivyozoea tangu chuo kikuu, shavu kwenye kiganja, najifanya nafikiri. Simu ilipolia niliinyanyua kwa mkono uleule uliokufa ganzi, ikaniponyoka na kutumbukia kwenye chai. Nikaiopoa, nikaipangusa kwa shati, na sauti ya binti wa mjomba ikasema, "Kaka, mama yako mdogo ametuacha. Kesho tunampandisha Kyondo kumzika." Ningependa kuandika kwamba nililia palepale. Ukweli ni kwamba nilianza kusugua kiwiko. Ganzi ilikuwa inaachia, vile visindano vimeanza kutembea kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, nami nikavifuata kwa makini kama mtu anayesubiri mgeni barabarani. Vilipofika, ndipo machozi yalipoanza kutoka. Sikuyaamuru yatoke. Moyo nao ulikuwa umeshabadili mwendo kabla mimi, mwenye nyumba, sijaarifiwa kwamba nina huzuni. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo hili na kuandika makala kadhaa ambazo watu wachache wamezimaliza, lakini yote ninayoyajua kweli kuhusu mishipa ya fahamu niliyajua Bwera, katika mwaka mmoja, kwa kutazama mguu wa mwanamke mmoja uliokataa kuinuka.

Ulikuwa mwaka ule nilipomaliza kidato cha sita na kukaa kungoja chuo. Mama mdogo alikuwa mjane, na alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya soko la Bwera. Kimoja kilikuwa cha kahawa, kingine cha binadamu, na kwa kuwa kahawa ilikuwa nyingi kuliko binadamu, mimi nililala katika kile cha kwanza, katikati ya magunia. Mpaka leo nikinusa kahawa kavu ambayo haijakaangwa nasikia usingizi, jambo linaloniaibisha katika mikahawa ya watu wa heshima. Alinunua kahawa kwa wakulima walioteremka nayo kutoka Kyarumba na Kyondo, huko milimani, akaianika, akaichambua punje kwa punje, akaiuza ikiwa safi kuliko ya yeyote pale sokoni. Hakuna aliyemwambia aamke saa ngapi. Alikuwa na ufunguo mmoja, wa mlango wake, ameufunga kwenye ncha ya kitenge, na akizungumza aliuchezea kama mapadri wanavyochezea rozari.

Uani tulikuwa na majirani wawili. Wa kwanza ni Madame Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kila Jumapili, aliyevuka mpaka na watoto wake miaka mingi nyuma na kuapa kwamba atarudi mwezi ujao. Lugha yake na ya mama mdogo ni mapacha, kwa hiyo walipotaka kumsengenya mtu walitumia hiyo, na walipotaka kusikika uani kote walitumia Kiswahili. Wa pili alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, ambaye tulimwita Afande tu. Jeshini alibeba redio ya mawasiliano, na alizungumza nasi kana kwamba bado anaishika. "Wewe, musomi! Leta maji! Kwisha!" Hilo "kwisha" lilimaanisha kwamba mazungumzo yamefungwa na huna ruhusa ya kujibu.

Kila alasiri katika msimu, mama mdogo na Madame Kavira walitandika mkeka, wakaweka ungo katikati, wakachuchumaa. Hapakuwa na kiti. "Kahawa haichambuliwi kwenye kiti," alikuwa akisema mama mdogo. "Ukikaa juu unaona kahawa. Ukichuchumaa unaona punje." Na walikuwa na mchezo wao ambao sijauona kwingine: atakayenyoosha mguu kwanza ndiye atakayekwenda jikoni kusonga bundu, ule ugali wa muhogo unaotaka mabega ya fundi chuma. Wanawake wawili wazima, mama mdogo akiwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, wangechuchumaa kisigino kwa paja mpaka kivuli cha paa kivuke ua, vidole vikirusha punje mbovu pembeni, midomo ikisema watu, na hakuna aliyesogeza goti.

"Biira, muguu yako inalia. Miye naisikia."

"Hilo ni tumbo lako, Kavira. Nenda ukalipikie."

"Ata siku moja!"

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Januari, kahawa ikiwa nyingi, na mama mdogo alikuwa amekonda kwa kazi. Walichuchumaa kupita kawaida. Hatimaye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikaanza kuungua jikoni, na Madame Kavira akaruka, akilaani kwa Kifaransa. Mama mdogo akainua mikono juu kama timu iliyofunga bao, akasimama, akapiga hatua ya kwanza ya ushindi, na mguu wa kulia ukabaki nyuma. Aliangukia ungo. Kahawa ya siku nzima ikatawanyika uani. Madame Kavira alitoka na mwiko mkononi akicheka, "Amuka, mama, umeshinda!" Halafu akaacha kucheka.

Tulidhani ni ganzi. Tulimsugua, tukamkanda kwa maji moto. Asubuhi mguu ulikuwa palepale. Goti lilikunja, nyonga ilizunguka, lakini unyayo ulining'inia kutoka kwenye kifundo kama jani la mgomba lililovunjika. Ili asijikwae kwenye vidole vyake mwenyewe ilimbidi ainue goti juu sana, kisha unyayo ulishuka na kupiga sakafu: pwa. Alitembea kama kuku anayevuka tope. Pwa, mpaka jikoni. Pwa, kurudi. Sauti hiyo ilikuja kuwa saa ya nyumba yetu.

Mjomba Baluku, kaka yake mkubwa, aliteremka kutoka Kyondo mara alipopata habari. Alikuwa mwema, na hofu yake haikuwa ya kubuni: baba yao alipigwa kiharusi akiwa shambani peke yake, wakampata jioni, akaishi miaka iliyobaki kwenye kona ya nyumba akitazama ukuta. Mjomba alimtazama dada yake akitembea mara moja tu, akakaa chini. "Ni kile kile cha mzee," akasema. "Mgonjwa wa kichwa hakai peke yake. Utafunga hapa, twende nyumbani."

"Ulikuwa unafanya nini kilipokupata?" mjomba akauliza.

"Nilikuwa nimekaa tu," mama mdogo akajibu, macho kwenye ufunguo. Hakuthubutu kumwambia kaka yake kwamba mwenyekiti wa akina mama alikuwa katika mashindano ya kuchuchumaa.

Hapo elimu yangu ikaona nafasi. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa baiolojia na ubongo bado ulikuwa moto. Nilichukua mkaa, nikachora kichwa cha mtu ukutani, kando ya mlango, nikamweleza mjomba kwamba ubongo umegawanyika pande mbili, na upande wa kushoto ndio unaotawala mwili wa kulia, njia zikipishana kabla ya kuingia mgongoni. Nilikuwa nakusudia kuendelea, nifikie kwenye uti wa mgongo na neva, lakini mjomba alikuwa ameshavua kofia. Alikitazama kile kichwa cha mkaa kwa heshima ya kutisha. "Umesikia, Biira? Hata mtoto wa shule anasema ni kichwa." Mama mdogo alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Alichosema baadaye, tulipobaki wawili, kilikuwa kifupi: "Kule Kyondo nitaitwa mgonjwa mpaka nife. Hapa naitwa Biira."

Afande ndiye aliyepinga. Alimkalisha mama mdogo kwenye kreti ya soda, akasimama mbele yake, akaamuru mguu: "Muguu! Inuka!" Mguu haukutii. "Inuka, nasema!" Akazunguka nyuma kama anayekagua gwaride. "Kichwa iko sawa," akatangaza. "Anaongea, anatukana, anajua kila mutu. Makao makuu iko sawa. Ni waya imekatika njiani." Kwa maoni yake waya ulikuwa umekatika mgongoni, kwa sababu ya kubeba magunia, na dawa yake ilikuwa kulala juu ya ubao. Mjomba alikubali jambo moja tu, kwamba daktari aangalie kwanza. Kama mguu usingekuwa umepona kufikia Pasaka, angekuja na watu na machela.

Daktari aliyetupokea hospitali alikuwa mwanamke mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa na mpangilio. Hakuanza na mguu. Alimwambia mama mdogo akunje uso, acheke, atoe ulimi, ainue mikono yote miwili afumbe macho. Kila kitu kilitii. "Kiharusi cha mguu mzima kingeniachia alama mahali pengine," alisema, bila kumwambia yeyote hasa. Kisha akashika mguu. "Kanyaga kiganja changu. Kanyaga kama unataka kunivunja." Mama mdogo akakanyaga, na daktari akarudi nyuma kidogo. "Sasa inua, nivute kwako." Hakuna kitu. Akapapasa mgongo wa unyayo kwa pamba: hapo mama mdogo hakuhisi. Akapapasa chini ya unyayo: akahisi, akavuta mguu. Akachukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga chini ya goti, na mguu ule uliosemekana umekufa ukarusha teke ambalo Madame Kavira, aliyekuwa amesimama kama shahidi, alilikwepa kwa bahati.

"Yesu! Muguu iko muzima!"

"Teke hilo halikutoka kichwani," daktari akasema. "Habari ya nyundo imepanda mpaka mgongoni, na mgongo umejibu wenyewe. Kichwa kimeambiwa baadaye." Tulipomsimulia Afande jioni ile, aliridhika kabisa. "Hiyo ni sentri," alisema. "Sentri akiona adui anapiga kwanza, halafu ndio anaita makao makuu." Nimewahi kusoma maelezo marefu zaidi ya jambo hilo, yenye michoro ya rangi, na sijawahi kuyaelewa vizuri kuliko hayo.

Basi kichwa kizima, na mgongo mzima, kwa sababu mgongo ukiumia hauchagui sehemu ndogo ya mguu mmoja hivyo na kuuacha wa pili ukicheza. Daktari akauliza swali la mjomba. "Ulikuwa umekaaje?"

"Nilikuwa nimekaa tu."

"Kwenye nini?"

Ufunguo ukazunguka kwenye kitenge.

"Sema, Biira," Madame Kavira akasema. "Sema, ao miye nasema."

"Kavira, nyamaza."

"Docta, siye tuko na muchezo," akasema Madame Kavira, na kwa kuwa maneno hayakumtosha, alikunja kitenge akachuchumaa pale sakafuni katikati ya chumba cha hospitali, kisigino kwa paja, mikono ikichambua kahawa isiyoonekana. "Ivi. Tangu saa ya mangaribi... hapana, tangu kisha kula mpaka mangaribi. Mwenye kunyoosha muguu wa kwanza anaenda kupika."

Daktari aliacha haraka yake. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akainama, akabonyeza kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, na mama mdogo akashtuka: umeme ulikuwa umempita mpaka kwenye vidole. Hapo, alisema, neva inazunguka juu ya mfupa ikiwa haina nyama ya kuifunika, imefunikwa na ngozi tu, kama bomba la maji lililopita juu ya njia. Ndiyo inayobeba amri ya kuinua unyayo, na ndiyo inayorudisha habari za mgongo wa unyayo. Ukichuchumaa muda mrefu unaibana kati ya mfupa na msuli. Kichwa kinatuma amri, mgongo unaipitisha, na amri inafika gotini haina pa kupita. Je, itarudi? Mara nyingi hurudi, alisema, lakini ikiwa uzi wa ndani umeumia inabidi uote upya kutoka gotini kwenda chini, na huota kama unene wa ukucha kwa siku. Hakuna dawa ya kuuharakisha. Auzungushe unyayo kwa mikono kila asubuhi ili usikakamae, aufunge usining'inie, na asichuchumae tena.

Kwa mama mdogo hilo la mwisho ndilo lililokuwa ugonjwa. Tulimletea kigoda. Alikikalia kama mtu anayekalia kaburi la jirani. Madame Kavira alishona mkanda wa kitenge wa kuvuta vidole juu, na Afande akaleta buti moja la zamani, gumu, lililoshika kifundo kama ukuta. "Hiyo ni mali ya serikali," alisema. "Mutu akiuliza, sema nimekuazima muguu, si buti." Mama mdogo alikwenda sokoni hivyo, buti kulia, ndala kushoto. Wachuuzi walimpigia saluti, naye aliijibu. Kila asubuhi alivua buti, akaweka unyayo juu ya mkeka, akaukazia macho. Sijui watu wa dini huombaje, lakini nadhani hufanana na vile. Nilikaa naye, nikinywa chai, na mara nyingi nilijaribu kuangalia mguu wangu mwenyewe na kuuambia uinuke. Uliinuka kabla sijamaliza wazo. Nilijaribu kuona mahali ambapo mimi naishia na mguu unaanza, sikupapata. Yeye alikuwa amepapata. Alijua hasa, kwa upana wa kidole, mahali ambapo Biira aliishia.

Pasaka ikafika na unyayo ukiwa bado jani la mgomba. Mjomba aliteremka na vijana wanne wenye mabega, na machela ya miti na kamba ambayo kule milimani inapandisha wagonjwa na kushusha maiti. Wakaiegemeza ukutani, karibu na kichwa changu cha mkaa. Mama mdogo alimweleza habari ya neva na goti. Mjomba alisikiliza kwa upole unaotolewa kwa watu ambao mambo yao yamekwisha kuamuliwa. "Dada, mtu hawezi kulemaa kwa kukaa. Sisi sote tunakaa. Funga mizigo, tukishakula tupande."

Madame Kavira alikuwa kwenye mkeka, mbele ya ungo, peke yake. Hakuinua macho. "Baluku, kama mutu hawezi kulemaa kwa kuikala, kuya uikale. Kamata nafasi ya dada yako. Mwenye kunyoosha muguu wa kwanza, anasonga bundu."

Vijana wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mzee wa Kyondo, mwenye miguu iliyopanda milima tangu utoto, asingeweza kukataa kuchuchumaa mbele ya vijana wake, na akishachuchumaa, asingeweza kushindwa, kwa maana mzee kuonekana akisonga bundu ni habari ambayo ingefika Kyondo kabla yake. Alikunja suruali, akachuchumaa. Wakachambua. Walizungumza bei ya kahawa, na mvua, na padri mpya. Kivuli cha paa kilianza kuvuka ua. Mjomba aliacha kuzungumza. Jasho lilimtoka kwenye kipara likashuka shingoni, naye akazidi kutazama punje kana kwamba zimeandikwa maandishi. Mama mdogo, juu ya kigoda chake, alikuwa anachezea ufunguo. Madame Kavira alimtazama mjomba, akatazama jua, akajua, nadhani, kwa ujuzi wa miaka, hasa ni wakati gani. "Basi," akasema, akanyoosha mguu, polepole, na kwa adabu. "Nimeshindwa. Naenda jikoni."

Mjomba akasimama na tabasamu la mshindi. Akapiga hatua moja.

Vijana wote wanne waliruka. "Mzee! Mzee!" Alikuwa chini, kahawa imemwagika, ameshika paja lake kwa mikono miwili. "Mguu!" alikuwa akisema. "Sina mguu! Sina mguu!"

Afande alichungulia mlangoni. "Makao makuu, mnasikia?"

"Kaka," mama mdogo akauliza kutoka kwenye kigoda, kwa sauti ya huruma safi, "ni kichwa? Tukuweke kwenye machela?"

Hakuna aliyecheka kwanza, tulimngoja aliyeanguka. Mjomba alikuwa anautazama unyayo wake uliolala kando kama kitu cha mtu mwingine. Akaubonyeza. Akaufinya. Kisha visindano vikaanza, nikaona kwa uso wake vinapopita. Hakucheka mapema kama ningependa kuandika. Aliinua macho kwa dada yake, na sauti yake ilikuwa ya kaka, haikuwa ya mzee wa ukoo.

"Wako umekaa hivi tangu Januari?"

"Tangu Januari."

"Na kichwa kizima?"

"Umebishana nacho tangu ufike."

Ndipo akacheka, na alipocheka ua mzima ulilipuka, na bundu ilipoletwa alikula akiwa amenyoosha miguu yote miwili mbele yake. Waliondoka baada ya chakula. Machela haikupanda tupu: waliifungia gunia la chumvi la kupeleka dukani Kyondo, na mjomba alitembea nyuma yake, akikanyaga kwa uangalifu wa mtu aliyepewa miguu mipya.

Kidole gumba cha mguu wake kilianza kuamka Julai. Kilitikisika, kikatulia, kana kwamba kimeita jina na kungoja kama kuna mtu. Nilikuwapo, na chai ilinipalia. Agosti niliondoka kwenda chuo, na mama mdogo alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na ndala zote mbili. Buti lilikuwa limerudishwa kwa serikali, yaani chini ya kitanda cha Afande. Alitembea nyuma yangu kidogo, na njia nzima nilikuwa nasikiliza ile pwa. Ilikuwa ndogo. Karibu na barabara nilisikiliza tena, na sikusikia kitu ila watu wawili wanaotembea.

Aliishi vyumbani mwake Bwera tangu wakati ule mpaka wiki iliyopita. Alitembea huku na huko, akatukana watu aliowapenda, akafunga na kufungua mlango wake mwenyewe. Kyondo alipandishwa safari moja tu, juzi, kwa machela, na mjomba Baluku, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alisisitiza kutembea kando yake mlima mzima.

Tuliporudi kutoka kaburini, wanawake walikuwa wametandika mikeka kuchambua maharage ya chakula cha wafiwa. Madame Kavira, aliyeapa kurudi Butembo mwezi ujao, alikuwa miongoni mwao, mzee, mwembamba, amechuchumaa kwa magoti ambayo daktari yeyote angeyakataza. Nilichuchumaa upande wa pili wa ungo, mahali palipokuwa wazi. "Profesa," alinisalimia, bila kuacha kazi. Tulichambua. Punje, jiwe, punje. Goti langu lilianza kulalamika mapema sana, nami nikavumilia, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba yeye anavumilia. Halafu akaweka mikono chini, akautazama ungo, na polepole, na kwa adabu, akanyoosha mguu.

"Umeshinda, Biira," akasema. "Naenda kupika."